Mawe Mekundu ya Papa Labo

Ukithubutu kumwambia Papa Labo kwamba maji huchemka kwa digrii mia, ulikuwa umeiharibu asubuhi yako mwenyewe. Alikuketisha kwenye benchi, akawasha makaa kwenye mbabula, jiko letu la bati, akaweka sufuria, akachomeka kipimajoto, kisha akasubiri nawe. Maji yalipoanza kurukaruka alikusogeza mpaka mvuke ukakupata puani. "Soma," alisema. Ulisoma tisini na tano. "Rudilia." Tisini na tano. Hapo ndipo aliporidhika. "Mia iko kule ku bahari. Siye tunakaa juu, hewa yetu ni nyepesi. Mayi ya Goma haiwezi kungoja mia."

Mimi nilikalishwa kwenye benchi hilo nikiwa na miaka kumi na minne. Mpaka leo nikikuta kitabu kimeandika mia bila kusema ni wapi, natafuta kalamu nikisahihishe, hata kama si changu. Ndivyo alivyotuharibu.

Labo ni maabara. Kazi yake, kwa mujibu wa barua ya shule, ilikuwa kushika ufunguo wa kabati la vyombo, kufagia na kufuta meza, basi. Diploma ya kufundisha hakuwa nayo. Lakini prof wa fizikia alikimbia na vita vya kwanza, aliyemfuata hakumaliza mwaka, na mkuu wa shule akachoka kutafuta. Siku moja Papa Labo aliingia darasani na koti lake la maabara, ambalo zamani lilikuwa jeupe na sasa lilikuwa rangi ya chai, akaandika ubaoni: mita, kilo, sekunde. Akageuka. "Hizi tatu zinatosha kuanza nazo," akasema. "Zingine zote ni batoto yao." Tulicheka. Hakucheka, akaanza kazi.

Kisha akaja mkaguzi. Alikaa nyuma ya darasa na faili yake mapajani, akasikia habari ya tisini na tano, akasimama. "Kitabu kinasema mia."

"Kitabu iliandikwa fasi gani, Papa Mukaguzi?"

"Kipimajoto chako kimekufa."

Papa Labo hakubishana. Alitoa vipimajoto vitatu, vyote alivyokuwa navyo, akachemsha maji mara tatu mbele ya mtu yule, na sisi tukisoma kwa sauti moja kama tuko kwenye litania. Mkaguzi akaandika katika ripoti kwamba mlinzi wa maabara anawachanganya wanafunzi. Alipoombwa kusaini kwamba ameisoma, Papa Labo alisaini, na kando ya jina lake akaandika: 95, makosa 1.

Hayo makosa ndiyo dini yake, nadhani, ingawa misa ya Jumapili aliifuata pia, kwa kuchelewa. Alisema hakuna mtu anayepima bila kukosea, hata fundi, hata mwenyewe aliyetengeneza rula. Kwa hiyo kila namba uliyompa ilitakiwa ije na mambo mawili: ni ya nini, na umekosea kiasi gani. Ukimwambia "tano" alikuuliza kama ni mbuzi tano. Ukimwambia "sentimita tano" alikuuliza, "Na makosa yako iko wapi?" Mtoto akijibu kwamba hana makosa, alirudishwa kupima upya mpaka ayapate. Wengine walilia. Mimi nilikasirika, maana nilikuwa najiona hodari, na nilimchukia muhula mzima kabla ya kumpenda.

Sasa, mtu huyo wa makosa na sentimita hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Sekunde aliipenda, saa hakuijali kabisa. Aliweza kufunga jiwe kwenye uzi wa mita moja, akalining'iniza mlangoni, na kutuonyesha kwamba kila likienda na kurudi ni sekunde mbili, akalitazama kwa furaha mpaka kengele ikalia na darasa lingine likafika. Alikuwa jirani yetu mtaani Katoyi, nyumba yake ya mbao ikiegemea ukuta wetu, na mama yangu akimwalika chakula cha saa sita alikuwa anaanza kuchemsha maharage saa sita hiyohiyo.

Mama kwanza hakumpenda. Sababu ni kwamba Papa Labo alitembea akihesabu hatua. Hatua yake ilikuwa sentimita sabini na moja, na kutoka nyumbani kwake mpaka shuleni alijua ni ngapi, lakini alihesabu kila siku kuhakikisha barabara haijabadilika. Na barabara zetu hubadilika kweli, kwa sababu volkano ilizikalia na watu wakaja kukanyaga juu yake. Ukimsalimu akiwa njiani aliinua mkono tu, uso mbele, midomo ikienda. "Huyu muzee hana adabu," mama alisema. "Mutu anakuambia jambo, anakuonyesha kiganja." Sisi tuliojua tulingoja afike mwisho wa hesabu, akageuka, akarudi hatua zote kutusalimu vizuri na kuuliza habari za nyumbani.

Sokoni Murara alikuwa tatizo la aina nyingine. Wauza maharage hupima kwa kopo, na makopo mengine yamegongwa kitako kikaingia ndani, ili yajae haraka. Papa Labo alibeba chupa ya maji yenye alama alizochora mwenyewe. Alimimina maji ndani ya kopo la mama fulani, akasoma, akamwambia kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "Mama, hapa panapungua mililita mia na kumi." Siku ya kwanza alifukuzwa kwa mwiko. Baadaye, wauzaji wakigombana wenyewe kwa wenyewe, walimwita yeye aamue. Na jambo ambalo sikulielewa nikiwa mdogo ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ananunua kwa yule mama wa kopo lililogongwa, kila wiki, na hakudai chochote. Nilimuuliza. Akaniambia, "Najua kiasi gani ananipunguza. Inatosha kujua." Niliona ni jibu la mtu aliyechoka. Sasa naona hakuchoka hata kidogo, alikuwa anachagua vita vyake.

Mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu kwa mambo ya hali za vitu. Kitu kigumu, kimiminika, hewa: hayo matatu hakuyafundisha kwa picha. Alituleta nje ya darasa, akatuonyesha ukuta wa shule uliojengwa kwa mawe meusi yenye matundu. "Hii ilikuwa uji," alisema. "Ilitembea. Ilipita ku nyumba ya jirani yenu, ikaingia ku mulango, haikupiga hodi. Halafu ikapoa, sasa mutu anaegemea." Akatushikisha matundu kwa vidole. Hayo, akasema, yalikuwa nyumba za hewa. Hewa ilikuwa ndani ya uji ule, ikatoka, ikaacha vyumba vyake. "Ilienda wapi?" akauliza. Tukasema juu. Akatikisa kichwa. "Ingine inaenda juu. Ingine inakuwa nzito, inabaki chini na siye." Tulikuwa tunataka kwenda nyumbani kula, hatukuuliza zaidi.

Jeshi fulani, sitataja lipi maana tumeona mengi, lilipoingia mjini, askari mmoja alivunja kabati la labo akachukua mawe ya mizani, yale ya shaba yanayong'aa. Papa Labo alimfuata mpaka uani. Tulidhani anakwenda kufa. Alimwambia, "Mukubwa, hiyo ya kilo moja inapungua gramu nne. Kama unaenda kuuza, batakudharau. Chukua ile ingine." Askari alicheka, akarudisha yote. Huenda alidhani ni kichaa. Mimi nilimuuliza kama ni kweli, kwamba ile ya kilo ilipungua. "Ni kweli," akasema, amekasirika kidogo kwamba nimeuliza.

Alasiri za mabomu ndizo zilizomgeuza mama yangu. Mapigano yalikuwa kwenye vilima upande wa kaskazini, na sisi tulikuwa tumejaa ndani ya nyumba yetu na majirani watatu na watoto wao, Papa Labo akiwa mlangoni. Mwanga ulipoonekana alianza kuhesabu kwa sauti, na mlio ulipofika alinyamaza, akagawa kwa tatu, akatangaza. "Sekunde kumi na mbili. Kilometa ine." Watu walipumua. Baada ya hapo kila mwanga mama ndiye aliyeuliza wa kwanza: "Papa Labo, iko ngapi?" Kilometa nne. Kilometa nne na nusu. Kisha mara moja alihesabu mpaka tano tu, akasema, "Moja na nusu, na kitu." Mtoto mmoja akaanza kulia na mama yangu akamkaripia mzee wa watu mbele ya wote: angeweza kusema nne, ingemgharimu nini?

"Mukijua ni moja na nusu, mutahama mulale nyuma ya ukuta wa mawe," alisema. "Mukidanganywa ni ine, mutabaki hapa ku mbao."

Tulihamia nyuma ya ukuta wa mawe. Bomu halikuanguka kwetu, kwa hiyo siwezi kuwaambia kwamba alituokoa. Lakini tangu hapo mama alikuwa anamwekea sahani yake, na alingoja ahesabu hatua zake bila kununa.

Nikakua, nikasoma ualimu wa fizikia, nikarudi shule ileile. Kabati lilikuwa bado lake. Mbele ya wanafunzi aliniita Madame, nyuma ya mlango aliniita mutoto yangu, na akaendelea kunisahihisha makosa pande zote mbili. Hii ndiyo hali tuliyokuwamo, yeye na mimi, wakati watu wa Rutshuru, wakikimbia vita, walipoanza kufika tena kwa miguu, godoro kichwani na mtoto mgongoni, na mashamba ya mawe ya volkano magharibi ya mji yakajaa maturubai.

Sasa lazima niseme kuhusu mazuku, kwa ajili ya msomaji wa mbali. Mazuku ndilo jina letu la hewa mbaya inayotoka kwenye nyufa za ardhi huku kwetu. Haina rangi, na pua haiisikii. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inatiririka mpaka mabondeni na kulala humo, sawasawa kama maji yanavyolala kwenye beseni. Upepo wa mchana unaipunguza. Asubuhi mapema, kabla jua halijapanda, inakuwa imejaa. Mbuzi anashuka kufuata majani, anapiga magoti, na hainuki. Mtu mzima akipita wima kichwa chake kiko juu ya hewa ile na haoni kitu. Aliyelala chini ndiye anayekufa, na mtoto ni mfupi hata akisimama.

Kulikuwa na bonde moja kando ya hema za mwisho, wakati huo halina mtu. Papa Labo aliona kuku wawili wamekufa humo bila jeraha, akaja kuniita. Tulikwenda asubuhi kumi na tatu mfululizo, nami nikilalamika njia nzima kwa ajili ya baridi. Alikuwa na mwanzi mrefu aliouchora alama kila sentimita kumi, na mshumaa umefungwa kwenye ncha. Aliushusha polepole kutoka ukingoni. Pale mwali ulipokufa, maana moto hauwaki ndani ya mazuku, aliniambia, "Andika." Sentimita themanini kutoka chini, makosa tano. Sabini. Baada ya mvua kubwa, mita moja na sentimita kumi. Tukachukua kile kikubwa kuliko vyote, akaongeza sentimita thelathini kwa ajili ya siku ambazo hatukupima. Kwa mpira wa maji, kama waashi wanavyofanya kusawazisha ukuta, tukauzungusha urefu huo pande zote za bonde, na kila tulipofika tukapaka jiwe rangi nyekundu. Maana yake: chini ya hapa mtu asilale.

Rangi niliinunua mimi. Alikuwa amesema rangi yoyote, nami nikaona nyekundu itaonekana vizuri zaidi na kila mtu anajua ni hatari. Nilijivunia wazo hilo. Tulipomaliza tulisimama ukingoni tukatazama mduara wetu wa mawe, akaniambia kwamba ni kazi safi, na Papa Labo hakuwa mtu wa kusema hivyo. Tukamweleza kiongozi wa mtaa ule wa hema, akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Kisha mitihani ikaanza shuleni, na hatukurudi kwa wiki tatu.

Katika wiki hizo vita vilipamba moto huko juu na watu wengine wengi wakafika. Yule kiongozi alikuwa amehamishwa. Tuliporudi, ndani ya bonde mlikuwa na hema kumi na moja, zimebanana, na kila moja ina jiwe jekundu mbele ya mlango. Mawe hayakuwa tena ukingoni. Watu walikuwa wameyang'oa na kushuka nayo.

Sikuelewa. Papa Labo alimuuliza baba mmoja aliyekuwa anafunga kamba, na yule baba alitueleza kwa upole, kama mtu anayewafahamisha wageni. Huko walikokuwa kabla, watu wa misaada walipaka rangi nyekundu kwenye mawe ya pembe za viwanja. Hema isiyo na jiwe la rangi haiandikwi. Isiyoandikwa haipati unga wala turubai, na siku ya kupanga upya inang'olewa. "Mwenye iko na jiwe, iko na fasi," alisema. Walipofika hapa na kuona mawe yamepangwa mduara, walijua kiwanja kimekwisha pimwa. Waligombea. Waliochelewa ndio walioko juu, nje ya mduara, wakiwaonea wivu.

Nilikaa juu ya jiwe. Onyo letu lilikuwa limewaita.

Papa Labo alianza palepale. Alikwenda hema kwa hema na mshumaa wake, lakini ilikuwa saa tano, upepo ulikuwa unavuma, na mwali uliwaka mpaka chini kabisa. Walimcheka. "Muzee anataka fasi yetu," mwanamke mmoja alisema, na wengine wakaitikia. Alirudi kesho yake asubuhi, wakamzuia ukingoni kwa fimbo, wakisema mtu anayezunguka hema za watu alfajiri na mshumaa si mtu mwema. Alikwenda ofisi mbili, akaandikwa jina, akaambiwa angoje. Siku ya nne alikuwa hapo tena, na ya tano, akisimama nje ya mduara na mwanzi wake, akisema maneno yaleyale kwa kila anayepita.

Siku ya sita, kwenye hema la chini kabisa bondeni, mtoto mmoja wa kike wa miaka minne hakuamka.

Walisema ni homa. Mtoto alikuwa amekohoa juzi, kwa hiyo homa ilitosha. Alizikwa mchana uleule, na kutoka bonde lile hakuna aliyehama. Mama yake alikuwa na kichanga mikononi na alikuwa ametoka Rutshuru bila mume. Majirani walimkalia karibu, na wote walirudi kulala palepale, kwenye mawe yao.

Kwa siku mbili Papa Labo hakufungua kabati. Siku ya tatu, alfajiri, nilimkuta labo ameketi kwenye benchi lile la wanafunzi, koti kapakata magotini. "Tunaenda kumwambia yule mama," alisema.

"Tumwambie nini?"

"Kama njo siye tulipaka yale mawe."

Niliongea sana asubuhi ile, na sioni fahari kwa niliyoyasema. Nilisema tumwambie habari ya mazuku tu, rangi tusiitaje. Nilisema watatupiga, na katika mji huu tunajua watu wakianza kupiga hawajui kuacha. Nilisema hatukuua mtu, tulipima vizuri. Na chini ya hayo yote kulikuwa na jambo moja nililoliogopa zaidi ya kupigwa, nalo ni yule mama kunitazama.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Hema kumi na moja ziko mule," alisema. "Siye hawatusikie. Yeye batamusikia, sababu amezika mutoto. Na yeye hawezi kutuamini kama tunamuficha nusu." Akavaa koti. "Mimi nilichagua fasi ya kupaka. Nitasema yangu. Yako utaona wewe mwenyewe, mutoto yangu."

Tulikwenda. Hakuhesabu hatua.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu hivi, bado hakuna upepo. Yule mama alikuwa amesimama mlangoni pa hema lake, kichanga mgongoni. Waliotaka kutuzuia aliwaashiria watuache. Papa Labo alivua kofia.

"Mama, pole ya mutoto."

"Asanti, muzee."

"Niko nakuja kukuambia jambo. Yale mawe nyekundu ni mimi nilipaka. Haikuwa ya kuandika batu. Ilikuwa ya kusema chini yake hewa ni mubaya, mutu asilale. Nilipaka vibaya. Ningeuliza kwanza ile rangi munaijua namna gani, sikuuliza. Mutoto yako amekufa juu ya kosa yangu."

Watu walikuwa wamesogea. Nilisema, "Rangi niliinunua mimi, mama. Nyekundu niliichagua mimi."

Alinitazama. Nilikuwa nimeogopa sana macho hayo, na yalipofika yalikuwa ya mtu aliyechoka tu, wa umri wangu.

Papa Labo hakuomba msamaha mara ya pili. Aliwasha mshumaa, akampa ule mwanzi mkononi. "Usiniamini mimi," akasema. "Pima wewe." Yule mama aliushusha mbele ya mlango, mwali ukafa usawa wa mapaja yake. Akaomba kiberiti. Akauwasha, akaingia nao ndani, tukaona mwanga kwenye turubai ukishuka, ukazimika. Mara ya tatu ulizimika palepale. Alitoka, akasimama, akiwa ameshika ule mwanzi kwa mikono miwili.

"Mimi na huyu mudogo tunalala juu ya fito," alisema. Kitanda cha fito kilichomfika kiunoni, alikuwa amekifunga mwenyewe kwa kamba, kwa sababu mgongo ulimuuma tangu kujifungua. "Yeye alikuwa analala chini ku mukeka."

Aliingia ndani tena. Alirudi amebeba jiwe. Halikuwa mbele ya mlango kama ya wengine, kila usiku alikuwa analiingiza ndani, na upande wenye rangi ulikuwa umefutwafutwa vumbi.

"Batu balikuwa banaiba," alisema. "Nilimwambia mutoto, wewe njo mukubwa, ulale karibu na jiwe yetu, uilinde. Alikuwa analaza kichwa juu yake."

Papa Labo, ambaye nimemwona mbele ya mkaguzi na mbele ya bunduki, hakuweza kulitazama lile jiwe. Alikaa chini palepale, kwenye vumbi jeusi, mikono mapajani, na kichwa chake kilikuwa chini ya kiuno cha yule mama. Nilinyoosha mkono nimwinue. Midomo yake ilianza kufunguka kutafuta hewa.

Yule mama aliweka jiwe chini. Akainama, akamshika mzee chini ya makwapa, kichanga kikiyumba mgongoni mwake, akamvuta.

"Inuka, papa," alisema. "Hapo chini batu hawakai."

Alimsimamisha, akamshikilia mpaka akapumua vizuri. Kisha akageuka, akaanza kufungua kamba za hema lake, na jirani yake akaja akashika upande wa pili.